Misitu ya Nyuma ya Kiswere na Fedha za Kuichunguza

Ghuba ya Kiswere iko kusini mwa Wilaya ya Kilwa, kaskazini ya mahali Mto Mbwemkuru unapomwaga maji yake baharini. Anayeipa bahari mgongo huacha mikoko na minazi, hupita mashamba ya mihogo, mikorosho na ufuta, kisha huingia porini. Pori hilo si la namna moja. Penye miinuko na mabonde kumebaki vipande vya msitu wa pwani, mzito na wenye giza, kama Pindiro na Ngarama. Kwingine ni miombo: mitondoro na jamaa zake imeachana, nyasi zimeota chini, na katikati yake kuna mpingo, mninga, mkongo na mpangapanga. Kiangazi miombo hupukutisha majani ikaonekana imekufa, kisha huchipua majani mekundu hata kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka.

Miombo ni msitu na ni malisho kwa pamoja. Kwa hilo inafanana na misitu ya mialoni ya California, ambako ng'ombe hula nyasi chini ya miti na mwenye shamba huhesabu mti na malisho kuwa mali moja. Misitu ya namna hii ina taabu yake kwa wachunguzi: mtaalamu wa misitu huiona kama pori hafifu lisilo na mbao za kutosha, na mtaalamu wa mifugo huiona kama malisho yaliyovamiwa na miti. Fedha za utafiti zikigawiwa, kila mmoja humtazama mwenzake. Miombo ya Kilwa na Lindi haikukosa wachunguzi kabisa kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini karibu kila mchunguzi alifika kwa fedha za mtu aliyekuwa akitafuta kitu fulani: mpira, karanga, mbao za kutengenezea zumari, au hewa ya ukaa. Kilichojulikana na kisichojulikana kuhusu misitu hii kinafuata mkondo wa fedha hizo.

Kabla ya fedha hizo palikuwa na ujuzi usiolipiwa na mtu. Karne ya 19 bara ya Kilwa ilitoa sandarusi, utomvu wa mnangu uliogandishwa na kuzikwa ardhini kwa karne nyingi, ambao wachimbaji waliufukua mahali ambapo mti wenyewe ulikwisha kutoweka. Sandarusi ilipita Unguja ikafika hadi Salem nchini Marekani, ikatengenezwa vanishi. Baadaye ukaja mpira wa mwituni, utomvu wa mimea itambaayo. Mchimbaji na mgema walijua mti upi uko wapi, udongo upi una nini, na msimu upi wa kwenda. Ujuzi huo haukuandikwa, na hakuna aliyeona haja ya kuugharimia.

Miongoni mwa wachunguzi wa kwanza waliolipwa kupita pande hizi kuchunguza mimea alikuwa Walter Busse, Mjerumani, mwaka 1900 na miaka iliyofuata. Safari yake ya kusini mwa koloni iligharimiwa na Kamati ya Uchumi wa Makoloni ya Berlin, chama cha wafanyabiashara na wenye viwanda waliotaka malighafi, na mimea yenye mpira ilikuwa miongoni mwa walivyovitaka. Busse alikusanya mimea, akaikausha, akaipeleka Berlin. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha chuo cha utafiti Amani, katika milima ya Usambara, kikawa miongoni mwa vikubwa katika Afrika ya wakati huo. Amani ilikuwa mbali na Kilwa kwa kila namna. Kilichofika Kilwa mapema kuliko utafiti wa Amani kilikuwa sheria: amri ya misitu ya mwaka 1904 iliyoruhusu serikali kutenga misitu na kuwazuia watu kulima, kuwinda na kuchoma moto ndani yake. Mwaka uliofuata Vita vya Majimaji vilianzia Nandete katika vilima vya Umatumbi, bara ya Kilwa. Pamba ya kulazimishwa ndiyo sababu inayotajwa kwanza, na ndivyo inavyostahili, lakini wanahistoria wa siku hizi huutaja pia msitu uliofungwa.

Fedha nyingi zaidi za utafiti kupata kumwagwa katika bonde la Mbwemkuru enzi za Wajerumani hazikuhusu mti hata mmoja. Mwaka 1906 mhandisi Bernhard Sattler aliona mifupa mikubwa ya dinosaria imetokeza ardhini kwenye kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yalichangisha fedha kwa matajiri na taasisi, yakaajiri mamia ya wafanyakazi wa Kiafrika chini ya wanasayansi Werner Janensch na Edwin Hennig, na msimamizi wa uchimbaji aliyejulikana kwa jina la Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa zilibebwa vichwani na mabegani hadi Lindi, kwa miguu, siku kadhaa kila safari. Msitu uliokizunguka kilima hicho ulitoa mianzi na miti ya kufungia mizigo. Tangu 1937 mnyama mkubwa aliyetoka Tendaguru amesimama katika ukumbi wa makumbusho hayo, na watu wanaomtazama ni wengi kuliko wanaoweza kuonyesha Lindi kwenye ramani.

Mimea haikuwa na bahati hiyo. Usiku mmoja wa Machi 1943 mabomu yaliangukia jumba la mimea la Berlin na sehemu kubwa ya vielelezo vilivyokuwemo ikateketea. Kilichosalia cha kusini mwa Tanganyika ni nakala zilizokuwa zimepelekwa kwingineko, zikiwemo za H. J. Schlieben, aliyekusanya mimea mingi karibu na Ziwa Lutamba, Lindi, mwaka 1934 na 1935. Majina mengi ya mimea ya pwani hii bado yanategemea majani yale.

Waingereza walirithi misitu iliyotengwa na Wajerumani, wakaongeza mingine, lakini utafiti waliuchelewesha. Kituo cha utafiti wa upandaji miti kilianzishwa Lushoto mwaka 1951, tena Usambara. Kabla ya hapo, kusini ilikwisha kuonja namna mradi mkubwa unavyoendeshwa bila kuchunguza. Mwaka 1946 tume ya John Wakefield ilizunguka Tanganyika na nchi jirani kwa wiki tisa, sehemu kubwa ikiwa angani, kisha ikapendekeza ekari zaidi ya milioni 3 za karanga. Sehemu kubwa kupita zote ilipangwa Jimbo la Kusini, na Nachingwea ikawa makao yake. Miombo iling'olewa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka pwani, bandari ya kisasa ikajengwa Mtwara. Mvua haikufuata makadirio, udongo ukawa mgumu kama saruji, vyuma vikavunjika. Mwaka 1951 mpango ulifutwa na hasara ikahesabiwa kuwa pauni milioni 36. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa sehemu ndogo ya fedha hizo ungeweza kuendeshwa utafiti wa udongo na miombo kwa vizazi viwili. Kosa hilo liliandikwa sana baadaye, na bado halikuleta utafiti huo.

Baada ya uhuru utafiti wa misitu ulikabidhiwa taasisi za taifa. Mafunzo ya juu ya misitu yalianza Morogoro mwaka 1973, na chuo kile kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984. Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, TAFORI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Bajeti ilikuwa finyu, na kidogo kilichopatikana kilielekezwa kwenye misindano, mikaratusi na misaji, miti inayokua haraka, inayoingiza mapato, na inayompa mtafiti matokeo kabla hajastaafu. Miombo haina sifa hata moja kati ya hizo.

Ndiyo maana wimbi lililofuata la uchunguzi lilitoka nje, na liligharimiwa kwa njia ya ajabu kidogo. Kuanzia 1989 hadi 1994 Frontier Tanzania, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na chama kimoja cha Uingereza, ilipeleka makundi ya vijana wa kujitolea katika misitu ya pwani. Vijana hao ndio waliolipa: kila mmoja alichangisha fedha nyumbani kwao ili apate kulala kwenye hema, kuumwa na siafu na kuhesabu vyura. Walipita Pindiro, Ngarama, Rondo, Litipo na Chitoa. Kazi yao, pamoja na ya wengine, ilikusanywa katika kitabu juu ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki kilichohaririwa na Neil Burgess na Philip Clarke mwaka 2000. Clarke alionyesha kwamba ukanda wa misitu hii una mimea mingi isiyoota pengine popote duniani, akaupa jina la Waswahili wenyewe, na mwaka 2001 akaeleza kwamba eneo la Lindi ni kitovu kidogo cha peke yake ndani ya ukanda huo. Kwa wataalamu wa mimea duniani, Uswahili umekuwa jina la eneo la mimea pia. Rondo na Pindiro sasa ni hifadhi za mazingira asilia, daraja la juu la ulinzi wa msitu nchini, na orodha za vijana wale zimo katika sababu zilizozifikisha hapo.

Lakini orodha za vyura na vichaka hazikumsaidia mkulima wa Kilwa kujua msitu wake una thamani gani. Swali hilo lilifikiwa kupitia mti mmoja.

Mpingo hauvutii ukiwa umesimama. Ni mdogo, una miiba, mara nyingi hugawanyika mashina kadhaa karibu na ardhi, na shina huwa na mikunjo. Ndani, chini ya ngozi nyembamba ya mti mweupe, mna moyo mweusi mzito unaozama majini. Wamakonde huuchonga vinyago. Viwanda vya Ulaya na Japani huutengenezea klarineti, obo na zumari za Waskoti, kwa kuwa haupanuki ovyo ukilowa pumzi ya mpigaji. Zaidi ya asilimia 90 ya gogo hupotea kama vumbi na vipande kabla kipande kinachofaa hakijapatikana. Na mti huo hukua polepole: huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia kipenyo cha sentimita 24, kipimo cha chini kinachoruhusiwa kuvunwa.

Mwaka 1996 kundi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzao wa Dar es Salaam lilifika Kilwa kuuliza jambo rahisi: mpingo umebaki kiasi gani? Wanunuzi wa ala za muziki walikuwa na wasiwasi, na hakuna aliyekuwa na takwimu. Safari hizo ziliendelea kwa ruzuku ndogo ndogo, zikiwemo za mpango wa uhifadhi wa kampuni ya mafuta ya BP ulioendeshwa pamoja na mashirika ya kimataifa ya uhifadhi, kisha zikageuka kuwa shirika lenye makao Kilwa Masoko: Mpingo Conservation Project, lililokuja kuitwa MCDI.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Watu watano au sita huingia porini na kifaa cha kuonyesha mahali, kamba, tepu, rangi na panga. Huweka alama za kipande cha ardhi, na kila mti uliomo hutajwa jina na mtu anayeijua miti, kwa kawaida mzee wa kijiji, mara nyingi kwa Kimachinga au Kingindo kabla ya Kiswahili. Karani huandika. Shina hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na wenye uzoefu hubeba fimbo iliyokatwa kwa urefu huohuo ili pasiwe na ubishi. Kwa mninga kazi hiyo ni ya dakika moja. Kwa mpingo, mpimaji huinama, huzunguka, huchomwa, kisha huuliza mashina matatu yaliyotoka katika kisiki kimoja ni mti mmoja au mitatu. Jibu lina maana: hesabu hiyo ndiyo inayotoa idadi ya miti ambayo kijiji kitaruhusiwa kukata kwa miaka kadhaa. Na hata baada ya kupima, moyo unaweza kuwa umeoza katikati, jambo ambalo hubainika msumeno ukiwa umekwisha kuzama.

Wakati wapimaji wakihesabu, wengine walikata. Agosti 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Mto Rufiji, na mikoa ya kusini, ambayo kila masika ilikatika na Dar es Salaam kivuko kiliposhindwa, ikafikika kwa lori. Magogo yalianza kupita daraja hilo mfululizo kuelekea bandarini, na mengi yakaishia China. Mwaka 2004 serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa magogo nje. Ripoti ya TRAFFIC, mtandao unaofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, iliyotoka mwaka 2007, iliyoandikwa na Simon Milledge, Ised Gelvas na Antje Ahrends, ilitoa tarakimu ambazo hadi leo hutajwa bungeni na vyuoni. Kumbukumbu za China zilionyesha mbao kutoka Tanzania mara kumi ya zile zilizoandikwa na Tanzania yenyewe. Hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa yalikuwa yakipotea, na hasara ya nchi ilikadiriwa kuwa dola milioni 58 kwa mwaka. Ni tafiti chache za misitu nchini zilizowahi kuitikisa serikali kiasi hicho, na kazi yake ilikuwa zaidi ya kulinganisha vitabu vya forodha na kuuliza maswali vijijini kuliko kupima miti.

Sheria ya kuvipa vijiji mamlaka ilikwisha kuwepo. Sera ya misitu ya 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 ziliruhusu kijiji kutenga msitu katika ardhi yake, kuunda kamati ya maliasili, na kubaki na mapato yote ya mazao yanayovunwa humo. Kikwazo kilikuwa gharama. Ili msitu utambuliwe, mipaka ilipaswa kupimwa, rasilimali kuhesabiwa, mpango wa usimamizi kuandikwa, sheria ndogo kupitishwa na halmashauri ya wilaya. Hakuna kijiji cha Kilwa kilichokuwa na fedha za kazi hiyo. Hapo ndipo ruzuku za utafiti zilipogeuka kuwa kitu kingine: zilianza kulipia haki.

Kikole na Kisangi vilikuwa vya mwanzo. Mwaka 2009 misitu yao, chini ya cheti kilichoshikwa na shirika la Kilwa Masoko, ilithibitishwa kwa viwango vya kimataifa vya usimamizi bora wa misitu vya FSC, ikawa misitu ya asili ya kwanza barani Afrika inayosimamiwa na wanavijiji kupata cheti hicho. Tofauti ya bei ndiyo iliyosemwa zaidi. Gogo la mpingo lililokuwa likimwachia mwanakijiji senti 8 za dola lilianza kukiletea kijiji dola 19 na zaidi. Gogo likishakatwa, mjumbe wa kamati huligonga nyundo ya kijiji kwenye ncha, na alama hiyo hufuatwa hadi kiwandani. Vijiji vingine vilifuata, Nanjirinji A kikiwa na msitu mkubwa kuliko vyote vya mwanzo. Ni haki kusema pia kwamba ukaguzi wa kila mwaka wa cheti hugharimu fedha nyingi, na kwa muda mrefu wafadhili ndio waliozilipa. Mpingo peke yake usingeweza.

Mfadhili mkubwa kuliko wote alikuja kwa ajili ya hewa. Aprili 2008 Norway iliahidi Tanzania krone milioni 500 kwa miaka mitano ili ijiandae kulipwa kwa kutunza kaboni ya misitu, mpango uliojulikana kama REDD. Miradi tisa ya majaribio ilichaguliwa. Upande wa Lindi Vijijini, mradi wa shirika la uhifadhi la TFCG na mtandao wa vijiji wa MJUMITA ulifikia hatua ya kuwagawia wanavijiji malipo ya majaribio. Upande wa Kilwa ulikuwepo mradi wa MCDI, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wa Sokoine. Katika miaka hiyohiyo Finland, kupitia Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iligharimia hesabu ya kwanza ya misitu ya nchi nzima, NAFORMA, iliyoonyesha Tanzania kuwa na hekta milioni 48.1 za misitu na kupoteza hekta 372,816 kila mwaka. Kwa kipindi kifupi, miombo ilikuwa na fedha za kuichunguza kuliko wakati wowote kabla yake.

Matokeo ya Kilwa hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Wazo la REDD ni kumlipa mtu asikate msitu. Watafiti walipofuatilia vipande walivyopima, waliona kwamba adui wa kudumu wa miombo ya Kilwa ni moto. Nyasi zikichomwa Mei hadi Julai, zikiwa na ubichi bado, moto hutambaa chini na kuacha miti. Zikichomwa Septemba au Oktoba, moto hupanda, huua miche na kuchubua mashina makubwa, na mwaka unaofuata huingia kwenye kidonda kilekile. Wawindaji, warina asali na wakulima wa Kilwa walijua tofauti ya mioto hiyo miwili tangu zamani. Utafiti ulichoongeza ni hesabu ya tani za kaboni zinazobaki msituni kijiji kikichoma mapema. Mwaka 2015 njia hiyo ya hesabu ilikubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa ya soko la kaboni, kwa namba VM0029. Wakati huo fedha za Norway zilikuwa zimekwisha na bei ya kaboni ilikuwa imeanguka. Kanuni ikawepo, mnunuzi akakosekana.

Upande wa malisho umebaki nyuma zaidi. Mbung'o waliwazuia ng'ombe kwa karne nyingi, na Lindi haikuwa nchi ya wafugaji. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwahamisha wafugaji kutoka bonde la Usangu, Mbeya, ili kunusuru maji ya Mto Ruaha Mkuu, na wengi wakaelekezwa kusini. Wasukuma na Wabarabaig walifika Kilwa na mifugo yao katika vijiji ambavyo havikuzoea kuishi na ng'ombe. Utafiti wa mifugo wa Tanzania una historia ndefu, kwani maabara ya Mpwapwa ilianza mwaka 1905, lakini umekaa kati na kaskazini. Miombo ya pwani inaweza kulisha ng'ombe wangapi bila kuharibika ni swali ambalo mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji hulijibu kwa makadirio.

Wakati huohuo zao linalokula msitu kwa kasi lina watafiti wake. Kituo cha Naliendele, Mtwara, kimeboresha korosho na kutoa mbegu bora za ufuta, moja yao ikiitwa Lindi. Ufuta hupenda ardhi iliyofyekwa upya, na bei yake ikipanda, moshi wa mashamba mapya huonekana tangu barabarani. Naliendele nayo imeonja ukame wa fedha: ilitegemea sehemu ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, na mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, ushuru wote ukaelekezwa Hazina. Fedha za tozo ya zao hukatika, lakini kwanza huwepo. Miombo haina tozo ya namna hiyo iliyotengwa kwa ajili yake.

Karibu kabisa na hilo ni Mfuko wa Misitu Tanzania, ulioanzishwa kwa Sheria ya Misitu ya 2002 na kuanza kazi miaka kadhaa baadaye. Huchota asilimia 2 ya ada na asilimia 3 ya mrabaha wa mazao ya misitu, na utafiti unaolenga matumizi ni miongoni mwa mambo unayoyapa ruzuku. Ruzuku hizo ni ndogo na za muda mfupi, lakini zinatoka katika mti wenyewe. Mfuko mwingine, ule wa milima ya Tao la Mashariki, uliosajiliwa mwaka 2001 kwa mtaji wa dola milioni 7 kutoka Benki ya Dunia na Mfuko wa Mazingira Duniani, umejengwa kwa namna ambayo mtaji hauguswi na faida ndiyo inayotumika. Ni mpango bora kuliko ruzuku za miaka mitatu mitatu. Ubaya wake kwa Kilwa ni kwamba ulitungwa kwa ajili ya milima.

Tatizo hili si la Tanzania peke yake. California ilianzisha mwaka 1986 programu ya chuo kikuu na idara za serikali ya kuchunguza mialoni pamoja na malisho yaliyo chini yake. Ilifundisha wenye mashamba, ikapima miti, ikaandika miongozo. Mwaka 2009, serikali ya jimbo ilipoishiwa fedha, ilifungwa. Jimbo lile ni tajiri kuliko nchi nyingi, na mialoni yake, kama mpingo, huchukua karne.

Siku hizi mlipaji anayeonekana zaidi Kilwa ni mtengenezaji wa ala za muziki. Kampuni ya Yamaha ya Japani, kwa msaada wa JICA, shirika la ushirikiano wa kimataifa la Japani, kati ya 2016 na 2019, ilianza na MCDI kuchunguza ukuaji wa mpingo na kupanda miche katika vijiji, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Sababu zake ni za kibiashara na hazifichwi. Tangu Januari 2017 miti yote ya jamii ya mpingo imo katika orodha ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, na kila shehena ya magogo inahitaji kibali. Ala zilizokwisha kutengenezwa zilisamehewa mwaka 2019. Kiwanda kinachotaka mpingo mwaka 2080 kinahitaji kujua leo miche inakua kwa kasi gani, na si wafadhili wengi wanaofikiri kwa urefu huo.

Vipande vilivyopimwa Kilwa miaka ya 1990 vina thamani pale tu vinapopimwa tena, na tena, miti ileile, kwa fimbo ya mita 1.3. Mche wa mpingo uliochipua mwaka ule wanafunzi walipowasili utafikia kipenyo cha kuvunwa, ukinusurika na moto, mwaka 2066 kwa mapema kabisa.